Nyota ya Mpiga Pasi

Alikuwa na jina lake, lakini kwenye dobi la hospitali ile hakuna aliyelitumia. Wote walimwita Mizani, kuanzia wasukuma mikokoteni ya mashuka machafu hadi daktari mmoja mzee aliyezoea kupita mwenyewe kuchukua makoti yake. Jina hilo alijipa mwenyewe, na kwa miaka ishirini na minane aliliitikia kuliko lile la kwenye kitambulisho.

Kazi yake ilikuwa kupiga pasi. Si pasi ya nyumbani. Ni mashine ndefu kama kitanda cha watu wawili, yenye magogo mawili ya chuma cha moto yanayozunguka. Shuka linaingia upande huu likiwa bichi na limekunjamana, linatoka upande wa pili limenyooka, na huko anasimama mkunjaji anayelipokea na kulikunja mara nne. Mizani alisimama upande wa kuingiza. Mvuke ulikuwa umekwisha kumla nyusi, na ncha za vidole vyake zilikuwa laini, hazina mistari, kama za mtoto mchanga.

Kwao walizaliwa wanne waliokua: kaka mmoja, yeye, na wadogo wawili wa kiume. Kaka alijulikana kwa ukali wake, mdogo wa kwanza kwa mpira, kitindamimba kwa kudeka. Yeye alijulikana kwa kuwepo tu. Mama yake angeuliza, "Yule yuko wapi?" na mtu angejibu, "Si yule pale." Basi yakaisha.

Alipoajiriwa, akiwa na miaka kumi na tisa, alikuta kijitabu kisicho na jalada kwenye mfuko wa koti lililoletwa kufuliwa. Kilikuwa kijitabu cha nyota. Cheti chake cha kuzaliwa kilisema tarehe tisa Oktoba, kwa hiyo akafungua penye Mizani. Pakasema kwamba mtu wa nyota hii hupenda haki na huchukia makelele. Kwamba huchelewa kuamua kwa sababu huona pande zote mbili. Kwamba watu humtegemea bila kumshukuru. Na kwamba upole wake si udhaifu bali ni nguvu iliyokaa kimya. Alisoma akiwa amesimama, mgongo kwenye ukuta wa mashine. Katika maisha yake hakuna mtu aliyewahi kusema sentensi nne mfululizo kumhusu yeye.

Kijitabu hakikuuliziwa na mwenye koti, akakaa nacho. Na kuanzia siku hiyo akaanza kuishi kama kilivyosema.

Alipofika miaka ishirini na sita alichumbiwa na fundi cherehani, kijana mpole aliyekuwa na mguu mmoja mfupi na maneno machache. Walizoeana kwa sababu dobi lilimpelekea mashuka yaliyochanika azibe, na mpelekaji alikuwa Mizani. Fundi alikuwa akimwekea kiti kabla hajafika. Siku aliyotamka nia yake, Mizani alimuuliza alizaliwa lini, naye akasema tarehe mbili Novemba. Alirudi nyumbani akafungua kijitabu. Mizani na Nge, kiliandika, ni moto na mafuta ya taa. Alilia siku mbili, siku ya tatu akaenda kumwambia fundi kwamba haiwezekani. Fundi akauliza kwa nini. Akamjibu, "Haiwezekani tu." Mizani huchukia makelele. Hakueleza zaidi.

Mama yake alipopooza, kaka na wadogo zake walikaa kikao sebuleni. Kitindamimba ndiye aliyelisema: "Dada si Mizani? Ana moyo wa kubeba. Sisi wengine tutamchosha mama tu." Wakacheka kidogo, wakamtazama. Akakubali. Alimuuguza mama miaka kumi na mmoja, akitoka kwenye mashuka ya hospitali na kurudi kwenye mashuka ya nyumbani. Jioni nyingine, kumchangamsha, alimsomea kijitabu kile kwa sauti. Kila alipofika kwenye nyota yake mwenyewe, mama aligeuzia uso ukutani. Alidhani mama hapendi mambo ya unajimu, akaruka ukurasa. Mama akafariki, na hakuna alilosema.

Hayo yote aliyabeba bila kinyongo kikubwa, kwa sababu aliamini anajijua. Mwenzake akipandishwa cheo, alisema moyoni: Mizani hungoja. Akisahauliwa kwenye orodha ya likizo, alisema: Mizani hapendi kugombana. Mtu mwingine angesema anaonewa.

Kisha akaja mkurugenzi mpya na semina zake. Msimamizi wa zamu ya asubuhi alikuwa anakaribia kustaafu, na kwa hesabu ya kila mtu pale nafasi ilikuwa ya Mizani. Lakini mkurugenzi alisema siku hizi cheo hakitolewi kwa kuzeeka kazini, kinatolewa kwa tabia, na tabia hupimwa. Akaletwa mwezeshaji, mama nadhifu mwenye miwani na projekta, wakakusanywa kwenye ukumbi wa chakula. Kila mmoja akapewa karatasi yenye maswali tisini. Majibu, alisema yule mama, yatamweka kila mtu kwenye kundi moja kati ya manne: Nguzo, Daraja, Mwenge au Kisima.

"Usifikiri sana," alisema. "Jibu linalokuja la kwanza ndilo wewe."

Mizani alifurahi sana. Mtu kuketishwa kwenye kiti, akapewa penseli, akaulizwa maswali tisini juu yake mwenyewe! Alijibu taratibu, na kila swali alijiuliza kijitabu kingejibu nini.

Walipotoka, mkunjaji wake, msichana mwenye ulimi mwepesi, akamshika mkono.

"Lile swali la kumi na nne umejibuje? Wenzako wakigombana unafanya nini?"

"Nimesema nawapatanisha."

"Wewe! Juzi wale wa kuloweka walipokunjana si ulijifungia stoo mpaka wakanyamaza?"

"Mizani ni mpatanishi."

"Haya. Mimi nimeandika nachukua uongozi. Shangazi, hapa wanamtafuta anayejisifu, wewe unawaletea unyenyekevu. Utaachwa kwenye mataa."

Wiki iliyofuata zikaja bahasha. Mkunjaji alikuwa Mwenge, mtu wa kuongoza wengine gizani. Mizani alikuwa Kisima. Kisima, ilisema karatasi, kina maji mengi lakini hakiendi popote. Ni mfanyakazi mwaminifu anayefaa kazi ya kurudiarudia, asibebeshwe dhamana ya watu. Mkunjaji akapewa usimamizi wa zamu. Alimkumbatia Mizani akalia kwa aibu, na kesho yake akaja na filimbi shingoni.

Mizani alimfuata mwezeshaji akamkuta anakunja waya za projekta.

"Mama, samahani. Naweza kujibu tena?"

"Hapana, dada. Na usijisikie vibaya. Mtihani huu hauna majibu sahihi wala makosa."

"Kama hauna makosa, mbona nimefeli?"

Yule mama alimtazama kwa huruma ya kweli. "Hujafeli. Umejulikana tu."

Neno hilo lilimkaa kooni siku nyingi kama mwiba wa samaki. Hata hivyo alijikaza kisabuni. Kijitabu kilikuwa kimesema watu humtegemea Mizani bila kumshukuru, na haya ndiyo yalikuwa yanatimia. Nyumba aliyoijenga juu ya nyota ile ilikuwa bado imesimama.

Iliangushwa na kitu kidogo. Ofisi ya utumishi ilitaka kuhakiki vyeti vya wafanyakazi wote wa zamani. Cha Mizani kilikuwa kimefubaa, muhuri hausomeki, akaambiwa alete maelezo ya ndugu mkubwa aliyeshuhudia kuzaliwa kwake. Aliyebaki ni mmoja, mama yake mdogo, aliyekaa kwa binti yake upande wa pili wa mji. Mizani akaenda Jumamosi na fomu mkononi.

Mama mdogo alikuwa amekaa karibu na dirisha akichambua mchele. Alivaa miwani, akakipokea cheti, akakitazama. Kisha akakiweka juu ya meza polepole, kama kinamuunguza.

"Hiki si chako, mwanangu."

"Kina jina langu, mama."

"Jina lake. Wewe ulipewa baadaye."

Akaeleza huku mikono yake ikiendelea na mchele. Alikuwapo mtoto wa kike kabla yake. Alizaliwa tarehe tisa Oktoba, mzima, mnene, akakatiwa cheti. Hakumaliza mwaka, homa ya siku tatu ilimchukua. Dada yake, mama wa Mizani, akawa hasemi. Alipojifungua tena mtoto wa kike, hakutaka kwenda kuandikisha. Alisema jina lipo na cheti kipo, mtoto amerudi.

"Tulimwambia hapana. Tulimwambia sana. Ungemwona macho yake ungenyamaza na wewe."

Kaka yake, aliyekuwa na miaka michache tu wakati huo, hakuwahi kujua lolote.

"Mimi sasa, mama. Mimi nilizaliwa lini?"

Mama mdogo alisimamisha mikono. Alijaribu, hilo lilionekana usoni. "Ilikuwa... Nilikuwa nimevaa sweta. Au lile la siku nyingine? Mvua zilikuwa zinaisha, ama zilikuwa zinaanza. Mwaka mmoja baadaye, miwili. Nisamehe, mwanangu. Siku ile sote tulikuwa tunamtazama mama yako. Tuliogopa atajidhuru."

Kwa hiyo hata siku ya kuzaliwa kwake hakuna aliyekuwa akimtazama.

Jumapili nzima alikaa kitandani na kijitabu. Alianza na Punda, akasoma nyota zote kumi na mbili kama mtu anayetafuta kiatu chake mlangoni pa msiba. Punda, mwenye hasira ya ndani: ndiye yeye, kwa maana alizijua hasira zake alizozimeza. Ng'ombe, mvumilivu asiyependa mabadiliko: yeye. Mapacha, mtu mwenye nafsi mbili: alicheka peke yake. Kaa, anayejificha ndani ya gamba. Mbuzi, anayefanya kazi bila kusifiwa. Samaki, anayeishi kwa ndoto. Kila ukurasa ulimwita kwa jina, na kwa kuwa kila mmoja ulimwita, akaona hakuna hata mmoja uliokuwa ukisema naye. Zile sentensi nne alizozisoma mgongo ukiwa ukutani, mtu yeyote aliyeokota koti lile angeweza kuzichukua.

Hakulia. Kilichomuumiza ni hesabu ya vitu alivyovitoa kwa ajili ya nyota ile. Akaanza na cha kwanza.

Fundi cherehani alikuwa bado na duka lake, mtaa wa nyuma ya soko, sasa ana mvi na mke na wasichana wawili wanaomsaidia kushona. Mizani alimkuta akipima suruali ya mteja. Alisubiri mteja atoke. Fundi alimwekea kiti bila kuuliza, na kitendo hicho kilimfanya karibu ageuke arudi.

"Nimekuja kukwambia jambo la zamani," akasema. "Kwa nini nilikukataa."

"Hayo yameshapita, dada. Miaka ishirini hiyo."

"Nilikuwa na kijitabu cha nyota. Wewe ulikuwa Nge. Kilisema hatuwezani."

Fundi alimtazama, akaanza kucheka, kisha kicheko kikamfia mdomoni. Akaketi juu ya meza ya kukatia, akashika goti la ule mguu mfupi.

"Mimi nilijua ni mguu," alisema.

"Mguu? Sikuwahi hata kuufikiria."

"Mimi niliufikiria. Nilikwenda kwa daktari wa mifupa nikauliza kama unaweza kurefushwa. Akasema nimechelewa. Nilikaa miaka minne bila kumkaribia mwanamke, nikijua wote wanaangalia chini." Akaliachia goti. "Bora ungesema ni mguu. Mguu ni wangu."

"Na nyota yenyewe haikuwa yangu," alisema Mizani. "Cheti ni cha marehemu dada yangu."

Kutoka chumba cha nyuma sauti ya mke wake ikauliza ni nani aliyekuja. Fundi akajibu, bila kumtazama Mizani, "Mtu wa dobi." Lilikuwa jibu la kweli. Mizani akasimama, akasema asante ya kiti, akaondoka.

Fomu ya utumishi aliijaza hivyohivyo, tisa Oktoba, mama mdogo akatia kidole gumba. Wangeandika nini kingine? Kwa hesabu ya mama mdogo angestaafu akiwa bado hajafikisha umri, pengine kwa mwaka, pengine kwa miwili. Aliwaomba wenzake waache kumwita Mizani. Walijaribu siku mbili tatu, wakasahau, naye akachoka kuwakumbusha.

Kazini alianza kusitasita. Aliyezoea kuingiza shuka mia tatu kabla ya mapumziko, sasa alisimama na pindo la shuka mkononi huku mashine ikizunguka bure. Msimamizi mpya, yule mkunjaji wake wa zamani, alikuja karibu ili wengine wasisikie.

"Shangazi, unaumwa?"

"Hapana."

"Basi nini?"

"Nikitaka kukasirika najiuliza kama mimi ni mtu wa kukasirika. Nikinyamaza najiuliza nani ananyamaza. Sijui, mwanangu. Nilizoea kuwa na mahali pa kuulizia."

Msimamizi alikuwa na moyo mzuri na hakuelewa hata kidogo. Alimpa siku mbili za kupumzika.

Mwaka uliofuata mwezeshaji akarudi na maswali yake tisini. Swali la kwanza lilikuwa: Unapenda kuwa na watu au kuwa peke yako? Mizani alilitazama. Alikumbuka miaka aliyokaa peke yake, lakini alikaa peke yake kwa sababu iliandikwa anapenda utulivu. Alikumbuka siku alizofurahi katikati ya watu, na kwamba aliporudi nyumbani alijilaumu kwa kwenda kinyume na nyota. Hakuwahi kujaribu kitu hata kimoja kwa mikono mitupu ili ajue kama anakipenda. Akaenda swali la pili. Penseli haikushuka. Saa moja ilipokwisha, karatasi yake ilikuwa na jina la marehemu juu na maswali tisini chini, meupe pe.

Mashine ya kusahihishia iliitema. Mkurugenzi alilichukulia hilo kuwa kiburi. Akamhamishia kwenye chumba cha matambara, nyuma ya boila, ambako mashuka yaliyokwisha hukatwa vipande vya kufutia sakafu. Msimamizi alimtetea kidogo, si sana, maana kibarua chake kilikuwa kichanga. Mle chumbani kuna mkasi mmoja, meza moja na dirisha lililopakwa rangi. Hakuna wa kumpokelea upande wa pili.

Mama mdogo naye akaugua, na Mizani alikwenda kwake mara ya mwisho mwezi ule ambao daktari alisema dawa zipunguzwe, apewe za kutuliza maumivu tu. Ilikuwa saa nane mchana. Binti yake mgonjwa alitoka kununua mkate, akawaacha wawili. Mama mdogo alifumbua macho, akamtazama, uso wote ukalainika.

"Dada," alisema. "Umekuja."

Alikuwa anamwona mama yake. Mizani alitaka kumsahihisha, akashindwa. "Nimekuja," akasema, akavuta kiti.

"Umepumzika? Mtoto amenyonya?"

"Amenyonya."

Mama mdogo alimshika kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo haikutazamiwa. "Mpe huyu jina jingine, dada. Nakuomba. Usimbebeshe marehemu. Huyu ni mwingine, mwangalie vizuri, masikio yake mwenyewe, kidevu chake mwenyewe. Mwangalie."

"Nitamwangalia."

"Unasema tu."

Mle ndani, kitandani, siku ile ya kuzaliwa kwake ilikuwa ipo, nzima, na mtu aliyekuwapo alikuwa ndani yake. Mizani akainama.

"Ndugu yangu, nikumbushe. Leo ni tarehe ngapi?"

Mama mdogo aligeuza kichwa kwenye mto, akatazama dirisha muda mrefu, midomo ikihesabu kitu.

"Leo?" alisema. "Leo Jumanne."

Ilikuwa Jumanne kweli. Kama aliitaja hii ya kwenye kalenda ya ukutani au ile nyingine, hakuna wa kuulizwa. Mizani alirudia swali mara mbili, lakini mama mdogo alikuwa ameanza kunung'unika maumivu, akataka ageuzwe. Akamgeuza. Alimnyooshea shuka chini ya mgongo kama alivyofanya kwa wagonjwa asiowajua kwa miaka yote ile, akakaa naye mpaka binti aliporudi na mkate.

Mama mdogo alifariki Ijumaa ya wiki ya pili yake. Kaka na wadogo walikuja kuzika, wakala, wakaulizana habari za watoto, wakatawanyika. Kaka alimuuliza mlangoni kama anaendelea vizuri. Alisema yupo. Jumatatu alifungua chumba cha matambara, akachukua shuka la juu kwenye rundo, akatafuta mahali lilipokwisha kuchanika, akaanzia hapo.